Saturnine: neno la kununa, nyota ya mbali, na risasi mu lupango



Mwaka uliopita nilifanya mutihani wa Kingereza juu ya kazi. Munajua namna iko hapa Kolwezi: unaweza kuwa na lisansi ya kilimo, buti zako za shamba zimeisha kabisa, lakini tangazo la kazi linamalizika kila mara na maneno yale yale, "ajue Kingereza". Walitupa hadithi fupi, tuitafsiri mu Kifaransa. Ndani mulikuwa baba mumoja anakaa peke yake ku meza, hasemi na mutu, na mwandishi alimuita "saturnine". Neno lile sikulijua. Lakini nilisoma sumu za bulongo, na mu Kifaransa ninajua "saturnisme": ni ugonjwa wa mutu aliyeingiwa na risasi mwilini. Ninasema risasi ya batri, hapana ya bunduki. Basi niliandika bila kutetemeka: baba mugonjwa wa sumu ya risasi.

Musahihishaji aliweka mustari mwekundu na alama mbili za kuuliza. Kumbe mwandishi alitaka kusema tu: baba wa kununa.

Kazi sikuipata, na sisemi ni juu ya neno lile moja. Lakini lilinibaki mu kichwa. Nililifuata pole pole, na leo ninataka kuwaelezea lilitoka wapi, juu mwisho wa njia yake lilinileta mu lupango moja hapa hapa kwetu.

Tuanze na maana. Mu Kingereza, mutu "saturnine" ni mutu mwenye sura nzito: hacheki upesi, anaongea kidogo, anaangalia watu kama mwenye kuwadai. Si huzuni ya musiba, juu ile iko na sababu na inapita. Si hasira pia, juu hasira inawaka na kuzimika. Hii ni tabia: alivyo asubuhi njo alivyo mangaribi. Sisi tungesema "ule iko na roho nzito", ao "anafunga sura", ao "ni mutu wa kununa tu". Kifaransa kiko na ndugu ya neno lile, "saturnin". Ni vilevile jina la ubatizo, na hapa kwetu karibu kila darasa liko na Saturnin wake. Wale ninaowajua mimi wanacheka kuliko watu wote, kwa hiyo wasikasirike.

Sasa, neno linatoka ku nyota. Watu wa zamani, wa Ulaya na wa inchi za Waarabu, waliona mbinguni vitu saba vinavyotembea: jua, mwezi, na nyota tano ambazo hazikai pahali pamoja, ni kusema Merkuri, Venus, Mars, Jupiter na Saturne. Kiswahili cha vitabu kinaiita Saturne Zohali, jina lililotoka mu Kiarabu. Waliamini kwamba kila kimoja kinatia tabia yake mu mutoto anayezaliwa chini yake. Kifaransa chetu cha kila siku kingali kinabeba imani ile bila sisi kujua. Mutu "jovial", mwenye furaha, ni mutu wa Jupiter, ambaye jina lake lingine ni Jove. Mutu "martial" ni wa Mars, mungu wa vita. "Lunatique", mwenye kugeuka-geuka, ni wa mwezi. Na saturnine ni wa Saturne.

Kwa nini Saturne njo ilipewa kununa? Angalieni namna inatembea. Mu nyota zote tano ambazo jicho linaona bila kifaa, hiyo njo ya polepole kuliko zote: kuzunguka jua mara moja kunaiomba karibu miaka 29 na nusu. Mimi niko na miaka 28. Tangu nizaliwe haijarudi bado pahali ilipokuwa. Wazee wale wakafikiri: kitu cha mbali na cha polepole namna ile lazima kiwe cha baridi, kikavu, sawa muzee ambaye hatoki tena mu nyumba. Wanajimu wa Kiarabu waliihesabu kuwa nyota ya mukosi mukubwa. Na waganga waliofuata mafundisho ya Wagiriki walisema mu mwili muko maji mane: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nyongo nyeusi, ya baridi na ya ukavu, waliipa Saturne. "Nyongo nyeusi" mu Kigiriki njo ilizaa neno melankolia. Na sisi, tukisema jambo limetumbukia nyongo, hatuko mbali sana na waganga wale.

Neno saturnine liliingia mu Kingereza mu karne ya 15. Wakati wa Shakespeare wazo lilikuwa la kila mutu: mu muchezo wake "Much Ado About Nothing" muko kijana anayejisema mwenyewe alizaliwa chini ya Saturne, na mu "Titus Andronicus" mufalme mubaya anaitwa Saturninus.

Hapa njo mimi, kama mutu wa kilimo, nilishangaa. Kabla ya kuwa jina la nyota, Saturne alikuwa mungu wa Waroma, na kazi yake ilikuwa kupanda! Mungu wa mbegu, mwenye kushika mundu mu mukono. Waandishi wa Roma walisema jina lake linatoka ku neno la kupanda mbegu. Wataalamu wa lugha wa leo hawakubali wote, lakini Waroma wenyewe walisikia hivyo. Sikukuu yake ilianza tarehe 17 Desemba, na siku zile mabwana waliwapa watumwa wao chakula ku meza, kazi zilisimama, watu walipana zawadi. Hazina ya serikali ya Roma ilikuwa inalindwa ndani ya hekalu lake. Wenzetu wa uchumi wasikie vizuri, feza ya inchi ilikaa kwa mungu wa wakulima. Na siku ambayo Waingereza wanaita "Saturday" ni siku yake. Wazee wetu wa kambi za kazi waliita siku ile siku ya posho, siku ya kupokea chakula cha juma. Naona ilifanana naye.

Basi mungu wa shamba na wa kula pamoja alifika namna gani kuwa wa kununa? Waroma walimuchanganya na mungu wa Wagiriki, Kronos. Ule, hadithi inasema, aliogopa kwamba watoto wake watamunyanganya kiti, akawameza mumoja mumoja walipozaliwa. Tangu pale Saturne akawa muzee wa giza, mwenye kula watoto wake mwenyewe.

Nyota na mungu tumeviona. Inabaki risasi. Watu wa zamani walijua metali saba, na kwa sababu vitu vya mbinguni vilikuwa saba, waligawanya: dhahabu ya jua, feza ya mwezi, zebaki ya Merkuri, chuma ya Mars, bati ya Jupiter, shaba ya Venus, risasi ya Saturne. Sisi wa Lualaba, kwa hesabu yao, tuko chini ya Venus, nyota ya mapendo! Sababu ni kisiwa cha Kupro: shaba nyingi ya Waroma ilitoka kule, jina la Kilatini la shaba lilitoka ku jina la kisiwa, na kisiwa kilikuwa cha mungu muke yule. Risasi ilipewa Saturne juu inafanana naye: ya baridi, ya rangi ya majivu, na nzito, litre moja ya risasi inapita kilo 11. Waingereza, hata leo, wanasema moyo wa risasi pale sisi tunasema moyo muzito.

Kwa hiyo waganga na wenye kuyeyusha metali wakazoea kusema "Saturne" kwa kutaja risasi. Wakati waliona kwamba watu wanaofanya kazi na risasi, wenye kuchora rangi, wenye kuyeyusha, wenye kutengeneza mabomba, wanapata ugonjwa mumoja, wakauita ugonjwa wa Saturne. Ugonjwa wenyewe ulijulikana zamani. Mugiriki Nicander aliuelezea zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Mu mwaka 1839, ku Paris, munganga Tanquerel des Planches alitoa kitabu kikubwa juu ya magonjwa ya risasi, na mu jina la kitabu aliyaita vilevile ya Saturne. Njo mustari ule uliozaa "saturnisme" ya masomo yangu.

Mushike mupango huu vizuri, juu watu wanauchanganya. Wengine wanasema Waingereza wanamuita mutu wa kununa "saturnine" juu risasi inafanya watu kununa. Hapana. Kununa kulitoka ku nyota. Ugonjwa ulipata jina lake kupitia metali. Ni matawi mawili ya muti mumoja, na mimi ku mutihani nilipanda ku tawi la kosa. Musahihishaji alikuwa na haki.

Lakini mwili haujui mambo ya matawi. Risasi ikiingia mu mutoto, inafanya nini? Tumbo linauma, damu inapunguka, mutoto anachoka bila kufanya kazi, anakasirika bure, anashindwa kufuata mwalimu, hana hamu ya kucheza. Tumbo la mutoto linapokea risasi mara 4 mupaka 5 kuliko tumbo la mukubwa wakati wameza kiasi kimoja. OMS inasema hakuna kiasi cha risasi mu damu ambacho kinajulikana kuwa hakina hatari. Na ile inayoharibika mu ubongo wa mutoto, nyingi hairudi tena. Basi sura inayoonekana ku inje ni nini? Mutoto muzito, wa polepole, wa kununa. Saturnine.

Mifano haiko mbali. Ngambo ya mupaka, ku Zambia, muko Kabwe, muji uliozaliwa na mugodi wa risasi na zinki. Mugodi ulianza mwanzo wa karne ya 20 na ukafungwa mu 1994. Ulifungwa, lakini vumbi lilibaki mu viwanja ambamo watoto wanacheza, na mupaka leo watoto wa Kabwe wanakutwa na risasi nyingi mu damu.

Ku Mombasa, mu mutaa wa Owino Uhuru, kulikuwa kiwanda cha kuyeyusha batri za zamani. Mama Phyllis Omido alikuwa anafanya kazi pale. Mutoto wake mudogo aligonjwa, wakamutafutia malaria, wakamutafutia magonjwa mengine, mupaka walipopima risasi mu damu na kuikuta. Hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mu 2014, yeye akapewa zawadi ya Goldman mu 2015, na mu 2020 tribinali ya mazingira ku Mombasa ikaamuru watu wa mutaa walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ilipita mu rufaa na kufika ku Mahakama ya Juu ya Kenya. Angalieni kwamba kazi ya kwanza ya mama ule ilikuwa kukataa jina la bure ambalo watu walipa ugonjwa wa mutoto wake.

Na hapa kwetu? Metali yetu kubwa si risasi, ni shaba na kobalti. Lakini hazitembei peke yao. Mu 2009 Profesa Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji walitangaza vipimo vya mukojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti ilikuwa nyingi sana, na risasi, kadmiamu na uraniamu vilevile zilipita zile za watu wa mbali. Mu 2018 walitangaza tena, mara hii juu ya Kasulo, hapa Kolwezi, pale watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao: watoto walikuwa na kobalti kuliko wakubwa. Hata neno kobalti liko na historia ya giza: wachimbaji wa Ujerumani waliliita jiwe lile jina la shetani mudogo wa mugodi, juu liliwapa moshi wa sumu na halikuwapa feza.

Sasa lupango niliyowaambia. Ninafuata bustani za kikundi cha mama wanaopanda lengalenga na matembele. Mama mumoja alikuwa na kijana wa miaka 6 ambaye alinisalimia kila mara nikifika, anashika mufuko wangu, anauliza muna nini. Halafu, kiangazi kimoja, aliacha. Anakaa ku ukuta, magoti mu mikono. Nikimuita, anafunga sura. Mama aliniambia mwalimu anamuita muvivu. Mimi, ninaona haya kuandika, nilimujibu: "Mama, batoto beko hivi, itapita."

Siku ingine nilikuta jirani anaongea na mama kwa sauti ya chini. Nilisikia lile neno ambalo sisi wote tunajua namna linaweza kuharibu mutoto mu inchi hii: mulozi. Eti mutoto asiyecheka, mwenye kuangalia watu vile, iko na kitu. Walikuwa wameanza kutafuta pahali pa kumupeleka wamuombee.

Nilirudi nyumbani na neno langu la mutihani likanirudia. Asubuhi nilienda tena, na mara ya kwanza nikaangalia lupango yote, hapana bustani tu. Nyuma ya nyumba, mujomba wa mutoto alikuwa anapasua batri za motokari, anayeyusha risasi ku mbabula, mu sufuria ya zamani. Risasi inayeyuka ku digri 327. Moto wa makala unatosha sana. Mujomba si mutu mubaya, anatafuta chakula sawa sisi wote. Maji ya batri yalimwagwa pale, bulongo ulikuwa na rangi ya majivu, na mutoto alikuwa na mafungu ya vipande vizito anavyovipanga sawa motokari ndogo. Nilikuwa nimepita pale labda mara kumi.

Sitawadanganya. Munganga alimupima, akakuta damu kidogo na minyoo, akamupa dawa. Kipimo cha risasi hakikufanyika, kilikuwa mbali na bei yake kubwa kwa mama yule. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba ilikuwa risasi. Ninajua tu tulichofanya. Mujomba alikubali kutoa kazi yake mu lupango. Tulikwangua bulongo wa juu pahali pale, tukauweka mu mifuko, tukafunika na bulongo wa kutoka mbali, na mutoto akaenda kukaa kwa shangazi wakati tulifanya. Jirani aliponiuliza, nilimuelezea batri kwa muda murefu. Tangu siku ile sijasikia tena lile neno mu lupango.

Kwa wenzangu ambao wataulizwa na mama zao, hii njo ninayoijua kwa kazi yangu. Risasi haipandi sana kupitia mizizi kuingia mu mboga; inakaa mu bulongo wa juu, na inashika ku majani pamoja na vumbi. Kwa hiyo majani yaoshwe vizuri na maji mengi, na karibu na barabara ao mugodi, afazali kupanda tomate ao bilinganya kuliko lengalenga. Mizizi imenywe ganda. Bulongo wenye asidi unaachilia metali upesi. Chokaa na mbolea ya samadi vinaifunga. Pahali palipoharibika kabisa, usipande chakula: weka majani ya kufunika vumbi, ao panda mu mifuko yenye bulongo wa kutoka ingine. Mikono ya watoto ioshwe mbele ya kula, na sakafu ipanguzwe na maji, hapana kufagia kavu. Mama wajawazito waepuke ule udongo mweupe wa kula wa ku soko. Mu inchi nyingi waliupima na kukuta risasi. Na sufuria zilizoyeyushwa kutoka vyuma vya zamani vya kila namna, musipikie ndani vitu vya uchachu.

Batri, lakini, njo ya kwanza. Ipasuliwe mbali na watoto, na nguo za kazi zisiingie mu nyumba.

Juu ya mutihani, nitaufanya tena mu mwezi wa kumi, na safari hii nitaandika "baba wa kununa". Ku bustani, siku ya posho iliyopita, ule kijana alikuja polepole, akashika mufuko wangu, akauliza muna nini. Nilimuonyesha: mbegu za tomate. Aliomba moja.